Boroni trikloridi na ndugu zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayesoma kemia ngazi ya chuo, hasa yule aliyekwisha kuambiwa na msimamizi wake kwamba muhula huu atashughulika na halidi ya boroni, yaani kampaundi ya boroni na halojeni (florini, klorini, bromini au iodini). Nimeiweka boroni trikloridi katikati kwa sababu ndiyo niliyoishika zaidi mkononi. Ndugu zake wanaingia pale wanapoisaidia kueleweka.

Halidi za boroni ni zipi?

Zinazotajwa kila mara ni nne: trifloridi (BF₃), trikloridi (BCl₃), tribromidi (BBr₃) na triaiodidi (BI₃). Ukizipanga hivyo unaona familia moja ikipita hali zote tatu za maada. Ya kwanza ni gesi, inachemka kwenye nyuzi −100 za Selsiasi. Ya pili inachemka kwenye 12.5, kwa hiyo katika chumba cha baridi kali ni kimiminika, na chumba kikipata joto kidogo tu inakuwa gesi. Ya tatu ni kimiminika kizito kinachochemka kwenye 91. Ya nne ni fuwele zinazoyeyuka kwenye 50 hivi.

Kuna pia zenye boroni zaidi ya moja, kama B₂Cl₄, nazo zina visa vyake. Tutazifikia.

Kwa nini zinamenyuka kwa ukali namna hii?

Hesabu elektroni. Boroni ni elementi ya 5, na ganda lake la nje lina elektroni 3 tu. Ikiungana na klorini tatu, kila bondi ina elektroni mbili, jumla 6. Majirani zake kaboni, naitrojeni na oksijeni hutulia wakifikisha 8. Boroni imebakiwa na nafasi ya elektroni mbili: obitali moja ya p (chumba cha elektroni) isiyo na kitu, iliyosimama wima juu na chini ya molekuli, na molekuli yenyewe ni bapa kama sahani, klorini zake tatu zimeachana kwa nyuzi 120.

Hiyo nafasi tupu ndiyo habari yote. Molekuli yoyote yenye jozi ya elektroni isiyo na kazi, iwe maji, amonia, etha, pombe au amini, inaiona na kuikalia. Gilbert Lewis alilipa jambo hili jina mwaka 1923: mpokeaji wa jozi ni asidi, mtoaji ni besi. Wanafunzi wengi huja na imani ya sekondari kwamba asidi lazima iwe na hidrojeni. BCl₃ haina hata moja, lakini ni asidi kali.

Jozi ikishapokelewa, umbo linabadilika. Ile sahani inajikunja, klorini tatu zinainama upande mmoja, mgeni anakaa upande wa pili, na boroni inakuwa katikati ya pembe nne. Kampaundi mbili zilizoshikana hivi bila kupoteza chochote huitwa adakti. Liweke neno hilo akilini, litarudi.

Nani alizigundua?

Trifloridi ilitangulia. Mwaka 1808 Wafaransa Gay-Lussac na Thénard walikuwa wakitafuta asidi ya florini isiyo na maji. Walipasha moto kalsiamu floridi pamoja na asidi boriki iliyokwisha kuyeyushwa ikawa kama kioo. Hawakupata walichotafuta; ilitoka gesi iliyofuka moshi mzito kila ilipogusa hewa yenye unyevu. Mwaka uliofuata Gay-Lussac aliikutanisha na amonia, gesi mbili zikageuka yabisi nyeupe mbele ya macho yake. Leo tunaiandika H₃N·BF₃, adakti ya kwanza inayojulikana. Lewis alikuja kueleza kilichotokea zaidi ya karne moja baadaye.

Tribromidi ilipatikana mwaka 1846 kwa mkono wa Poggiale, aliyepasha oksidi ya boroni na kaboni pamoja na bromini kwenye joto kali. Wöhler na Deville waliirahisisha njia hiyo mwaka 1857 kwa kuanza na boroni yenyewe.

Zinatengenezwaje?

Nitaeleza kemia yake, siyo hatua za mkono. Njia hizi zinahusu klorini, kaboni monoksidi au hidrojeni floridi kwenye joto kali, na hizo hazifundishwi kwa maandishi. Mtu anasimama kando yako ndani ya maabara iliyojengwa kwa kazi hiyo.

Tatizo la msingi ni kwamba boroni duniani haipatikani ikiwa peke yake. Iko imeng'ang'aniana na oksijeni katika boraksi na ndugu zake, na bondi ya boroni na oksijeni ni miongoni mwa bondi ngumu kuvunja. Klorini peke yake haiwezi kuiondoa oksijeni hapo. Kwa hiyo viwandani huitwa msaidizi, kaboni:

B₂O₃ + 3C + 3Cl₂ → 2BCl₃ + 3CO

Kaboni inaichukua oksijeni na klorini inachukua nafasi iliyoachwa. Kazi hii hufanyika kwenye nyuzi 500 hivi. Aliyesoma jinsi titani inavyotolewa kwenye madini yake atautambua ujanja huu mara moja, ni uleule.

Trifloridi haihitaji kaboni, kwa sababu florini na boroni zinapendana kiasi cha kuishinda oksijeni. Oksidi au chumvi ya boroni hukutanishwa na hidrojeni floridi, na asidi sulfuriki kali huwekwa ili inyonye maji yanayotoka. Ukiyaacha maji yabaki, yanaikamata trifloridi palepale.

Njia ninayoipenda kuieleza darasani ni ya kubadilishana:

BF₃ + AlCl₃ → BCl₃ + AlF₃

Mwanafunzi makini atauliza: si umesema florini na boroni zinapendana? Mbona zinaachana? Kwa sababu florini imepata pazuri zaidi. Alumini floridi ni yabisi yenye fuwele imara mno, haiyeyuki kwa urahisi wala haitoki mvuke, na uimara huo ndio unaolipa gharama ya kuvunja bondi za BF₃. Ukitumia alumini bromidi badala ya kloridi, unapata BBr₃.

Katika utafiti wa kawaida hutengenezi chochote kati ya hivi. Trikloridi huja kwenye mtungi wa chuma au ikiwa imeyeyushwa kwenye heksani au diklorometheni, na trifloridi huja ikiwa imeungana na etha, kimiminika unachoweza kukipima kwa bomba la sindano. Kazi yako inaanza pale: kuisafisha, kuilinda, kuichunguza.

Kwa nini kila mtu anasisitiza kukausha vyombo?

BCl₃ + 3H₂O → B(OH)₃ + 3HCl

Soma mlinganyo huo kwa uzito, siyo kwa herufi. Gramu 54 za maji zinaharibu gramu 117 za trikloridi. Tone moja la maji, tuseme gramu 0.05, linatosha kuua gramu 0.1 ya BCl₃ na kutoa kama mililita 67 za gesi ya hidrojeni kloridi. Kwa tribromidi hasara ni zaidi, kwa kuwa molekuli zake ni nzito: tone hilohilo linakula gramu 0.23. Ukiwa unafanya kazi na gramu nzima, umepoteza karibu robo yake kwa tone ambalo huenda hukuliona.

Na maji ya kuogopa hasa siyo tone. Ni utando mwembamba uliong'ang'ania ukuta wa chupa ya kioo, ambao jicho halioni na kitambaa hakiufuti. Unatoka kwa tanuri, kwa usiku mzima, halafu chupa inapoa ikiwa ndani ya naitrojeni kavu au ombwe. Chupa iliyotoka kwenye tanuri ikaachwa ipoe mezani imerudishiwa maji yake.

Linganisha na kaboni tetrakloridi, ambayo unaweza kuitikisa na maji siku nzima pasitokee kitu. Bondi za kaboni na klorini siyo ngumu kuliko za boroni na klorini. Ni dhaifu zaidi. Tofauti ni kwamba kaboni imejaa. Maji hayana mahali pa kuanzia. Kwenye boroni oksijeni ya maji inaingia kwanza kwenye nafasi tupu, adakti inaundwa, halafu hidrojeni na klorini zinatoka pamoja. Mchezo unarudiwa mara tatu.

Trifloridi ina tabia yake. Haikimbilii kuvunjika, kwanza inashikana na maji na kuwa BF₃·H₂O na BF₃·2H₂O, na maji yakizidi inavunjika kwa njia tofauti:

4BF₃ + 3H₂O → 3HBF₄ + B(OH)₃

Florini inayotoka kwa boroni moja inahamia kwa nyingine. Ndiyo maana haitoi hidrojeni floridi moja kwa moja kwa wingi unaoutarajia, ingawa kwa mapafu na ngozi yako tofauti hiyo haina faraja.

Ipi ni asidi kali kuliko zote?

Hapa ndipo swali lenye utamu. Florini ndiyo yenye uroho mkubwa wa elektroni kuliko elementi zote. Akili inasema BF₃ ndiyo iliyonyang'anywa zaidi, hivyo ndiyo itakayokuwa na njaa zaidi. Maabara inasema kinyume. Kwa besi kama piridini au trimethilamini, mpangilio ni huu, kutoka iliyo dhaifu hadi iliyo kali:

BF₃ < BCl₃ < BBr₃ < BI₃

Mwaka 1956 Herbert Brown na Holmes walipima joto linalotoka piridini inapoungana na halidi hizi ndani ya nitrobenzini, na namba zikafuata mkondo huo: tribromidi ilitoa joto zaidi ya trikloridi, na trikloridi zaidi ya trifloridi.

Maelezo utakayoyakuta katika vitabu vingi ni kwamba halojeni, mbali na kunyang'anya, pia inarudisha. Florini ina jozi zake huru, na obitali yake ya p inalingana kwa ukubwa na ile tupu ya boroni, hivyo inaijaza kwa kiasi fulani. Obitali za klorini na bromini ni kubwa mno, haziingiliani vizuri, nafasi inabaki tupu. Ushahidi unaotajwa ni urefu wa bondi: katika BF₃ boroni na florini zimekaribiana hadi pikomita 131 hivi, na adakti inapoundwa bondi hiyo inarefuka wazi.

Nilifundisha maelezo hayo kwa miaka bila kusita. Sasa nasita. Hesabu za kompyuta zilizofanywa baadaye hazikubaliani kwamba urudishaji wa elektroni katika BCl₃ ni dhaifu kuliko katika BF₃. Zingine zinaonyesha kinyume. Wapo wanaosema sababu ni kwamba obitali tupu ya BCl₃ iko chini zaidi kwa nishati, hivyo inashikana vizuri zaidi na besi. Wapo wanaosema ni florini zilivyosongamana kuzunguka boroni ndogo, hivyo kuzikunja ili mgeni apite kunagharimu nishati nyingi. Ushauri wangu kwa mtihani: andika maelezo ya kitabu, halafu ongeza sentensi moja kwamba yamepingwa. Mpangilio wenyewe, angalau kwa besi kali, haujapingwa na mtu. Kwa besi dhaifu tofauti hupungua na huweza hata kugeuka, kwa sababu besi dhaifu haiikunji sana ile sahani.

Nitajuaje kwamba nilicho nacho ni BCl₃ safi?

Anza na macho. BCl₃ na BBr₃ hazina rangi. Tribromidi iliyogeuka njano au kahawia ina bromini huru ndani yake, na triaiodidi yenye weupe uliochanganyika na waridi au zambarau imeshaachia iodini, kwa kawaida kwa sababu ya mwanga. Trikloridi haikupi dalili ya rangi, na hapo ndipo inapodanganya.

Uchafu wake wa kawaida ni hidrojeni kloridi, zawadi ya unyevu uliopenya siku ambayo hukumbuki. Ukiwa na mfumo wa ombwe, kipimo cha zamani bado ni kizuri: pima mgandamizo wa mvuke kwenye nyuzi 0, chombo kikiwa kwenye barafu inayoyeyuka. BCl₃ safi inatoa takribani milimita 477 za zebaki. Ukipata zaidi, kuna kitu chepesi ndani. Hidrojeni kloridi inachemka kwenye −85, na kidogo tu kinapandisha namba. Ipoze sampuli vya kutosha, vuta mvuke wa juu, pima tena.

Mwanga wa infraredi unaonyesha hidrojeni kloridi karibu na 2900 kwa sentimita, mbali na mikanda ya BCl₃ yenyewe. Unaonyesha pia kitu kizuri: mikanda ya boroni huja miwili miwili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo pembeni. Usidhani ni uchafu. Boroni ya asili ni mchanganyiko wa isotopu mbili, kama asilimia 80 boroni-11 na asilimia 20 boroni-10, na ile nyepesi hutetemeka haraka zaidi.

Kisha NMR ya boroni-11, kipimo kinachotumia sumaku kusoma viini vya atomu, ambayo ndiyo rafiki wa kweli. Kwa kipimo cha sehemu kwa milioni (ppm), trikloridi inaonekana karibu na 47, tribromidi karibu na 39, trifloridi kwenye 10 hivi, na triaiodidi inakwenda hadi karibu −8, zote zikipimwa kutoka kwenye adakti ya BF₃ na etha ambayo imewekwa kuwa 0. Adakti ikiundwa, mstari wa BCl₃ unahama kutoka 47 hadi karibu na 10. Ni mruko mkubwa, huhitaji kubahatisha. Mwanafunzi anayeona mstari wake kwenye 47 bado, saa moja baada ya kuongeza besi, ajue besi yake haikufika au haikuwa besi.

Jambo moja ambalo maandishi mengi yanalisahau: kioo cha kawaida cha maabara kina boroni ndani yake. Neli ya NMR ya aina hiyo inatoa mlima mpana chini ya mistari yako. Tumia neli ya kwazi ukiweza. Hata hapo mashine yenyewe mara nyingi ina kioo hicho ndani, kwa hiyo piga kwanza picha ya kiyeyushi peke yake na uijue sura ya mlima huo kabla hujaanza kuufasiri.

Nimechanganya BCl₃ na BBr₃ kwenye neli moja, nikapata mistari minne. Nimekosea?

Hapana, umeona jambo zuri. Halojeni zinahama kutoka boroni moja kwenda nyingine hata kwenye joto la chumba, na mistari miwili ya ziada ni BCl₂Br na BClBr₂. Njia ni ileile ya nafasi tupu: klorini ya molekuli moja inaazima boroni ya jirani, kwa kitambo kunakuwa na daraja, halafu kila mmoja anaondoka na alichoshika. Usijitaabishe kuitenga BCl₂Br kwa mkeneko. Utakusanya tone safi, na kabla hujaliweka kwenye mashine limesharudi kuwa mchanganyiko.

Kama nafasi tupu ina njaa hivyo, mbona BCl₃ haziungani zenyewe kwa zenyewe kama alumini kloridi?

Alumini ni kubwa, ina nafasi ya kuzungukwa na klorini nne bila msongamano, hivyo Al₂Cl₆ hutulia. Boroni ni ndogo. Daraja linaundwa kwa muda tu, kama tulivyoona, na kubaki peke yake kunalipa zaidi.

Nitumie kiyeyushi gani?

Heksani, heptani, diklorometheni, vyote vikiwa vimekaushwa. Sahau pombe na asetoni. Na hasa sahau tetrahidrofurani, ambayo wanaotoka kwenye kemia ya metali huishika kwa mazoea.

Etha na trifloridi zinakaa pamoja kwa amani; adakti yao inachemka kwenye 126 na inauzwa kwenye chupa. Ukidhani BCl₃ na BBr₃ zitafanya vivyo hivyo utashangaa. Zinaishika oksijeni ya etha kama kawaida, lakini halojeni yake haitulii. Inageuka na kuishambulia kaboni ya pembeni, na bondi ya kaboni na oksijeni inakatika. Pete ya tetrahidrofurani inafunguka kabisa.

Kinachomharibia mmoja ndicho anachokitafuta mwingine. Wanaotengeneza dawa na molekuli za asili wana shida ya kuondoa kifuniko cha methili kwenye oksijeni iliyoshikamana na pete ya benzini. BBr₃ inafanya hivyo hata kwenye baridi kali: inaishika oksijeni, bromidi inaondoka na methili ikiwa bromomethani, na baadaye maji yanaiachia fenoli. Oksijeni iliyo upande wa pete haikatwi, kwa kuwa bromidi haiwezi kuifikia kaboni ya benzini kutoka nyuma.

B₂Cl₄ ina nini cha pekee?

Ni boroni mbili zilizoshikana moja kwa moja, kila moja na klorini mbili na nafasi yake tupu. Mkemia Mjerumani Alfred Stock aliipata mwaka 1925 kwa kuwasha tao la umeme kati ya vipande vya zinki ndani ya BCl₃ ya kimiminika. Aliambulia kidogo sana. Baadaye kundi la Schlesinger kule Chicago lilipitisha umeme kwenye mvuke kati ya ncha za zebaki, na katika miaka ya 1970 Peter Timms alitumia atomu za shaba zilizogeuzwa mvuke: shaba inachomoa klorini moja kutoka kila BCl₃, na mabaki mawili yanashikana.

Ni kimiminika kisicho na rangi kinachowaka chenyewe kikikutana na hewa. Kikiachwa kwenye joto la chumba kinajivunja polepole, sehemu inarudi kuwa BCl₃ na sehemu inakusanyika kuwa mafungu kama B₈Cl₈ na B₉Cl₉. Kuna hata B₄Cl₄, boroni nne kwenye pembe za piramidi, kila moja na klorini yake, na elektroni za mifupa hiyo hazitoshi kuchora mstari wa kawaida kila ukingo. Ukiikutanisha B₂Cl₄ na ethilini, bondi ya boroni na boroni inafunguka na kila nusu inakaa kwenye kaboni yake: Cl₂B–CH₂–CH₂–BCl₂. Wakemia wa leo wanaoongeza boroni mbili kwa mkupuo kwenye molekuli za kaboni wanatembea kwenye njia iliyoanzia hapo.

Stock mwenyewe alilipa gharama. Ili kushika vitu hivi visivyovumilia hewa alibuni mifumo ya ombwe iliyojaa vali na pampu za zebaki, akaishi na mvuke wake miaka mingi. Mwaka 1926 aliandika wazi kwamba maumivu ya kichwa, usahaulifu na uchovu uliomtesa vilitoka kwenye zebaki, akawaonya wenzake. Kampaundi aliyoiogopa haikumdhuru. Kifaa alichokiamini ndicho kilichomla.

Hatari zake ni zipi hasa?

Zote zinaunguza macho, ngozi na njia ya hewa, kwa sababu mwili ni maji. Kikomo cha juu kinachotumika katika maeneo mengi ya kazi kwa BF₃ na BBr₃ ni sehemu 1 kwa milioni ya hewa, kiasi kidogo mno. Kazi yote ifanyike ndani ya kabati la kufyonza hewa, ukiwa na miwani na glovu, na usiwe peke yako. Moto ukitokea karibu, usimwage maji. Tumia unga mkavu. Panapotumika trifloridi, jeli ya kalsiamu glukoneti, ya kupaka palipoungua kwa floridi, iwe mezani na siyo kwenye kabati la ghorofa nyingine, na aliyeguswa apelekwe kwa daktari hata kama haumwi, maana majeraha ya florini hujificha kwa saa kadhaa.

Chupa au ampuli ya BCl₃ ipozwe kabla ya kufunguliwa. Kumbuka inachemka kwenye 12.5. Kwenye chumba chenye nyuzi 25 ndani kuna mgandamizo unaosubiri mkono wako.

Mabaki nayafanyaje?

Usiyapeleke kwenye sinki, wala usimwagie maji juu yake. Yanachanganywa na kiyeyushi kikavu, yanapozwa, kisha pombe kama isopropanoli inaongezwa tone kwa tone chini ya naitrojeni, na gesi ya asidi inayotoka inaongozwa kwenye chombo cha alkali. Boroni inabaki ikiwa esta ya asidi boriki. Anayetumia methanoli apate onyo la ziada: esta ya methili ni nyepesi, inashika moto upesi, na mwali wake ni wa kijani kibichi kizuri mno. Ni uzuri unaofaa kuuona ukiwa umeupanga.

Zinatumika wapi nje ya maabara?

BF₃ ni kichocheo cha kuunganisha molekuli za isobutilini kuwa polima. Iliyojazwa boroni-10 huwekwa kwenye neli za kuhesabu nyutroni: kiini kinameza nyutroni na kupasuka kuwa lithi na chembe ya alfa, na vipande hivyo ndivyo vinavyosajiliwa. BCl₃ hutumika kuchonga alumini kwenye chipu za kompyuta, na ikipitishwa pamoja na hidrojeni juu ya waya wa tangsteni uliowaka, boroni inajijenga juu ya waya na kuwa nyuzi ngumu nyepesi za kuimarishia vifaa vya ndege. BBr₃ hupeleka boroni ndani ya silikoni.

Sindano yangu imeziba katikati ya kazi, na kizibo cha chupa hakifunguki. Nimekosea wapi?

Hujakosea peke yako. Kila anayehamisha vitu hivi kwa sindano amekutana nalo. Ncha ikitoka kwenye chupa ya kwanza na kupita hewani kuelekea ya pili, tone lililobaki mdomoni linageuka asidi boriki nyeupe na kuziba tundu. Mara ya kwanza iliponitokea nilisukuma kwa nguvu zaidi, na kiungo cha sindano kikaachia. BBr₃ ilitua kwenye sakafu ya kabati badala ya mkononi, kwa bahati tu. Usisukume. Vuta kwanza naitrojeni kidogo ndani ya sindano ili ncha iwe na mto wa gesi badala ya kimiminika, hamisha haraka, na ikiziba itupe sindano hiyo kwenye kiyeyushi kilichopozwa uchukue nyingine.

Kizibo kimeganda kwa sababu hiyohiyo, au kwa sababu grisi imeshambuliwa. Vifuniko vya mpira pia huliwa, hasa na tribromidi. Chupa iliyochomwa sindano mara tano siyo chupa iliyofungwa tena. Tumia viungo vyenye utando wa tefloni, hamishia kilichobaki kwenye ampuli ya vali, na andika tarehe juu yake. Kizibo kilichokwisha kuganda usikipashe moto. Kipoze chombo kizima kwanza, na umwite aliyewahi kukifungua kingine.